Jinsi ya kufanya jaribio dogo shambani ili ujue kwa hakika kama mbolea inakulipa

Mkulima akiweka mbolea mpya kisha akavuna zaidi kuliko mwaka jana, husema mbolea imefanya kazi. Huenda ni kweli. Lakini mvua nayo ilikuwa tofauti, mbegu ilitoka duka jingine, palizi ya pili iliwahi, na viwavijeshi vamizi hawakusumbua sana. Mambo matano yamebadilika kwa pamoja, sifa zote zimeenda kwa moja. Mkulima huyo anaamini; bado hajajua.

Ukijilinganisha na jirani mambo ni yaleyale. Jirani anayenunua mbolea ya kukuzia mara nyingi ndiye anayepanda na mvua za kwanza, anayebadilisha mbegu kila msimu na mwenye uwezo wa kulipa vibarua wapalilie kwa wakati. Mahindi yake yakibeba vizuri, huwezi kusema ni mbolea au ni mambo mengine yote aliyoyafanya. Na ukiligawa shamba nusu kwa nusu, nusu ya chini ya mteremko imekuwa ikipokea udongo wa juu unaosombwa na maji miaka nenda rudi. Ingeweza kushinda hata bila kuwekewa chochote.

Dawa yake ni vipande viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, virudiwe mara kadhaa, na kura iamue kipi kipate nini. Utaratibu huu una historia. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert walianza mwaka 1843 jaribio la ngano katika shamba la Broadbalk, na linaendelea hadi leo. Kila aina ya mbolea ilipewa ukanda wake mmoja mrefu. Ronald Fisher, mtakwimu aliyeajiriwa hapo mwaka 1919 kuchambua rekodi za miaka hiyo yote, alionyesha kuwa ukanda mmoja hauwezi kukutenganishia nguvu ya mbolea na nguvu ya udongo ulio chini yake. Katika miaka ya 1920 aliweka kanuni tatu ambazo vituo vya utafiti vinazifuata hadi sasa: rudia, piga kura, na panga vipande katika makundi ambayo ardhi yake inafanana. Mkulima mwenye kamba, mizani ya jikoni na daftari anaweza kuzifuata zote tatu.

Tutachukua swali moja la mahindi na kulifuata toka mwanzo mpaka mwisho. Ukishalifanya hili, utajua kupanga jaribio la mbegu, la samadi au la nafasi ya kupandia.

Swali liwe moja, na liandikwe

"Mbolea ni nzuri?" halijibiki. Hili linajibika: katika shamba hili, nikishapandia DAP (mbolea ya kupandia) mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, je, kukuzia kwa CAN (mbolea ya nitrojeni inayowekwa mahindi yakiwa yameshaota) mfuko mmoja kwa ekari kunaongeza mahindi ya kutosha kulipa gharama? Kwa hiyo vipande vyote vitapata DAP sawasawa. Nusu yake vitapata CAN, nusu havitapata. Usiongeze na mbegu mpya humohumo kwa kuwa "tumeshaanza". Vitu viwili vikibadilika pamoja, jibu haliwezi kugawanywa tena.

Kabla ya kupanda, andika pia ni tofauti gani itakayokufanya ununue. Jumlisha bei ya mfuko, nauli na kibarua wa kuweka, ugawe kwa bei ya kilo moja ya mahindi wakati unapouza. Tuseme inatoka kilo 150. Hiyo ni kurudisha fedha tu, bila faida, na kuna msimu mvua itakatika. Kipimo kinachotumika sana katika kilimo ni kutaka mara mbili ya gharama, yaani hapa kilo 300 kwa ekari. Namba hiyo iandikwe kabla ya mavuno. Anayeingoja mpaka mahindi yawe kwenye mizani hujikuta anaisogeza ifuate matokeo anayoyapenda.

Waulize wanaoijua ardhi

Udongo una kumbukumbu ambayo macho hayaioni. Mahali palipokuwa zizi la ng'ombe miaka kumi iliyopita mahindi yatakuwa ya kijani kibichi bila CAN. Kichuguu kilichosawazishwa, mti uliong'olewa, njia ya zamani, mahali palipochomwa mabua: vyote hivi vitaingia kwenye matokeo yako bila kubisha hodi. Muulize aliyelima kabla yako, na ukitembea shambani kabla mabua ya msimu uliopita hayajaondolewa, angalia wapi mahindi yalikuwa mafupi na wapi kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kilitoka.

Gharama ya kuruka hatua hii na ile ya kujaribu kidogo kwanza ilionekana hapa kwetu Tanzania. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulikagua ardhi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa, Dodoma, mwaka 1947. Udongo wa pale ukikauka huwa mgumu kiasi kwamba karanga hazichimbuliki, na mvua haikutosha. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wakilima pale mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na uchaguzi huo pekee ulikuwa taarifa kubwa kuhusu mvua ya mahali hapo. Vipande vichache vya karanga kwa misimu miwili mitatu vingetoa taarifa iliyobaki.

Kugawa vipande

Utahitaji vipande 8: makundi 4, kila kundi vipande viwili vilivyo ubavu kwa ubavu. Kila kipande kiwe na mistari 5 yenye urefu wa mita 6. Mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo sentimita 30, kipande kina upana wa mita 3.75, mashimo 100 na eneo la mita za mraba 22.5.

Mistari ikingame mteremko. Vipande viwili vya kundi moja vikae kwenye kimo kimoja, na makundi yashuke kwenda chini: la kwanza juu, la nne chini. Hapa ndipo wengi hukosea, wakapanga vya CAN vyote juu na visivyo na CAN vyote chini, au kinyume chake. Udongo hubadilika zaidi ukishuka mteremko kuliko ukitembea kwa kukingama, kwa hiyo unataka kulinganisha walio kimo kimoja. Acha mita 1 kati ya kipande na kipande, na mita 1 kati ya kundi na kundi. Jumla ni mita 13 kwa 18, chini ya moja ya kumi na saba ya ekari. Kwenye nafasi ya kati ya makundi inua tuta dogo, kwa sababu mvua kubwa huteremsha mbolea ya kundi la juu hadi kwenye kipande cha chini ambacho hakikutakiwa kupata kitu. Kuzunguka eneo lote panda mistari miwili ya mahindi ya kawaida kama kinga.

Kona zitoke mraba. Pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, kisha pima kutoka ncha hadi ncha: ikiwa ni mita 5 kamili, kona imekaa. Ikizidi au kupungua, sogeza kigingi. Mstari wa kwanza uanze sentimita 37.5 kutoka ukingo wa kipande, na shimo la kwanza sentimita 15 kutoka mwanzo wa mstari, ndipo mahesabu ya eneo yatakapokuwa ya kweli. Kamba ya nailoni huvutika, hivyo pimia futi kamba.

Kura

Vipe vipande namba 1 hadi 8. Kisha kwa kila kundi rusha sarafu: kichwa, kipande cha kushoto kinapata CAN, upande wa pili, cha kulia. Rusha mara 4, moja kwa kila kundi, uandike papo hapo na usirudie eti kwa sababu CAN imeangukia kushoto mara tatu. Kurudia ni kuchagua.

Kwa nini usichague tu kwa haki? Kwa sababu anayetumaini mbolea mpya itashinda humpa mgeni chumba kizuri bila hata kujua. Jicho la mkulima mzoefu linaona ardhi nzuri kabla akili haijaitaja, na mkono hufuata jicho. Sarafu haioni.

Kupanda na kukuzia

Panda vipande vyote siku moja, mbegu ya mfuko mmoja, mbili kwa shimo, upunguze hadi mmea mmoja baada ya wiki mbili hivi. Kilo moja ya mbegu inatosha na kubaki.

Mfuko wa kilo 50 kwa ekari ni sawa na gramu 280 kwa kipande chako, kasoro kidogo. Usiende shambani na ndoo ya mbolea na kizibo cha soda ukitegemea mkono. Vizibo hujazwa tofauti asubuhi na mchana, na mtu akichoka kipande cha mwisho hupata pungufu. Nyumbani, kwa mizani ya gramu, pima pakiti za gramu 56, moja kwa kila mstari. Kipande kina pakiti 5. Kila pakiti iishie kwenye mashimo 20 ya mstari wake, karibu gramu 3 kwa shimo. Ukikosea kipimo, kosa linabaki ndani ya mstari mmoja, halisambai kipande kizima. DAP ya vipande vyote ni kilo 2.24, na CAN kwa vipande vinne kilo 1.12. Kati ya DAP na mbegu weka udongo wa sentimita chache, vinginevyo mbegu inaungua.

CAN iwekwe mahindi yakifika magotini, takriban wiki ya 4 hadi ya 6 tangu kuota, udongo ukiwa na unyevu. Chimba kijifereji sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, weka, fukia. Isiingie kwenye moyo wa mmea, inababua majani. Ukiona wingu zito la mvua, ahirisha hadi kesho.

Kuna jambo moja hapa linaloharibu majaribio mengi bila mtu kulishtukia. Ukichimba kijifereji na kufukia kwenye vipande vya CAN, umetifua udongo na kukata magugu madogo. Vipande visivyo na CAN navyo vichimbwe na kufukiwa vivyo hivyo, jembe lilelile, siku ileile, bila kuweka kitu. Vinginevyo unachopima ni CAN pamoja na palizi ndogo, na huwezi tena kuvitenganisha.

Palizi nayo iende kundi kwa kundi. Mvua ikiwakatisha, malizeni kundi mlilolianza ndipo mwondoke. Kundi zima likipaliliwa Jumatatu na lingine Jumatano hakuna ubaya, kwa kuwa ulinganisho ni wa ndani ya kundi. Kundi likigawanywa, kipande kimoja Jumatatu na kingine Jumatano, hilo limeharibika. Baada ya wiki chache utaona kwa macho mahindi yenye CAN ni ya kijani zaidi, na mpaliliaji ataanza kuyapendelea. Msimamie.

Daftari

Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu: tarehe ya kupanda, kuota, kupunguza, kila palizi, kila dawa, kila siku mbuzi alipoingia na alikula kwenye kipande namba ngapi. Mvua pia, hata kwa kopo lililonyooka kuta zake na rula: kina cha maji kwa milimita kila asubuhi ndiyo mvua ya jana. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Miezi mitatu baadaye kichwa kitakumbuka kilichoafikiana na mavuno na kusahau kilichobaki.

Mbuzi akila mimea 15 katika kipande namba 6, usikisie ingezaa ngapi. Toa kundi zima, vipande vyote viwili, ubaki na makundi matatu. Lakini tofautisha hasara iliyotoka nje na hasara iliyoletwa na kile unachokijaribu. Mahindi yenye CAN yakiwa marefu zaidi na upepo ukayalaza, hilo si la kufuta. Hilo ni sehemu ya jibu.

Kuvuna na kupima

Kwanza ondoa mistari miwili ya pembeni ya kila kipande, na shimo moja kila ncha ya mistari mitatu ya kati. Mahindi hayo ni chakula, hayaingii kwenye mahesabu: mstari wa pembeni hupata mwanga wa ziada, na mizizi yake hufika kwa jirani ikale mbolea isiyo yake. Kinachobaki ni mashimo 54 kwenye mita za mraba 12.15. Hesabu mimea, hesabu mahindi, vuna yote uweke kwenye gunia lenye namba tu. Anayepukuchua na kupima asijue namba ipi ilipata CAN. Mtu anayejua husoma mizani kwa huruma, gramu 20 huku, gramu 30 kule. Yaliyooza yapimwe peke yake na yaandikwe.

Unyevu ni mtego mwingine. CAN inaweza kuchelewesha mahindi kukauka, na maji yana uzito. Ukiwa na kipima unyevu, rekebisha kila kipande kwenye asilimia 13.5, kiwango cha soko la Afrika Mashariki: uzito zidisha kwa 100 toa unyevu, gawa kwa 86.5. Kilo 7 zenye unyevu wa asilimia 20 ni 7 × 80 ÷ 86.5, yaani kilo 6.47. Umepoteza zaidi ya nusu kilo iliyokuwa maji matupu. Usipokuwa nacho, anika ya vipande vyote pamoja kwenye turubai, kila namba mahali pake, ukipima kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kiganja, mahindi theluthi ya chupa, tikisa dakika chache kisha uache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Endelea kuanika mpaka isigande kwa namba yoyote, ndipo upime zote siku moja.

Kilo za kipande kimoja zidisha kwa 333 upate kilo kwa ekari.

Kusoma majibu

Usianze na wastani. Anza na tofauti ya kila kundi: chenye CAN toa kisicho nayo. Tuseme makundi manne yamekupa kilo 1.3, 0.9, 1.6 na 0.8. Wastani ni 1.15, sawa na kilo 383 kwa ekari. Sasa tuseme yangekupa 3.9, kasoro 0.6 (yaani kisicho na CAN ndicho kilichozidi), 1.7, na kasoro 0.4. Wastani ni uleule, 1.15. Anayebeba wastani peke yake atasema majaribio haya mawili yamejibu sawa, na atakuwa amepotea. La kwanza linasema kila mahali ulipoangalia CAN iliongeza, na kwa kiasi kinachokaribiana. La pili linasema kuna kundi moja lenye kitu cha ajabu, pengine zizi la zamani upande mmoja, na mengine yanavutana. Hapo hujajua bado, na kuliandika hivyo kwenye daftari ni kazi halali kabisa.

Hata lile la kwanza lisikulewesheni. CAN ingekuwa haina kazi yoyote, bahati tupu ingeweza kukipa ushindi kipande chake katika makundi yote manne mara 1 kati ya 16, kama sarafu inavyoweza kuanguka kichwa mara nne mfululizo. Kwa makundi 6 inakuwa mara 1 kati ya 64. Ndiyo maana mwenye ardhi ya kutosha aweke 6. Makundi mawili hayafai kitu: bahati hushinda mara 1 kati ya 4.

Kisha rudi kwenye namba uliyoiandika mwanzo. Ulitaka kilo 300, umepata 383. Inalipa, katika shamba hili, kwa mvua ya msimu huu, kwa bei uliyoiweka. Maneno hayo matatu ya mpaka yaandikwe pamoja na jibu, yasiachwe.

Msimu wa pili, na majirani

Mvua ikiwa haba, CAN inaweza kukaa udongoni bila kuyeyuka vya kutosha. Ikizidi, husombwa chini ya mizizi. Kwa hiyo rudia angalau misimu miwili, mitatu ikiwezekana, na upige kura upya. Usitumie vipande vilevile kwa mpangilio uleule, maana masalia ya CAN ya mwaka jana yanaweza kukipa kipande kile nguvu ya bure.

Njia ya haraka zaidi ya kujua kama jibu lako linavuka mpaka wa shamba lako ni majirani sita, kila mmoja na kundi moja la vipande viwili. Kila shamba linakuwa rudio. Wote watumie mbegu ya mfuko mmoja, pakiti zilizopimwa kwenye mizani moja, futi kamba moja ikizungushwa nyumba kwa nyumba, na sarafu irushwe mbele ya mwenye shamba. Mkutane siku ya kupima, na afisa ugani akiwepo ni bora. Shamba moja likitoa jibu kinyume na mengine matano, msilifute wala kumsema mwenyewe kuwa amekosea. Nendeni mkalitazame: kina cha udongo, rangi yake, samadi ya miaka ya nyuma, mahali maji yanaposimama, tarehe za palizi kwenye daftari lake. Mkipata kitu mnachokishuku, hicho ndicho swali la jaribio la msimu ujao, na vigingi vyake vipigwe hapohapo.